Kompyuta za kwanza za Uingereza: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Dhana inayovuma kuliko zote ni kwamba mwanahisabati Alan Turing ndiye aliyeunda Colossus, mashine ya kielektroniki ya Vita vya Pili vya Dunia, ili kuvunja msimbo wa Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Sentensi hiyo moja imebeba makosa mawili. Enigma ilishughulikiwa kwa mashine iliyoitwa Bombe, ambayo Turing aliisanifu na Gordon Welchman akaiboresha, nayo haikuwa kompyuta. Colossus ililenga msimbo mwingine kabisa, wa mashine ya Lorenz, uliolinda mawasiliano ya teleprinta, yaani mashine za kupeleka maandishi mbali, baina ya makamanda wakuu wa Ujerumani, na msanifu wake alikuwa Tommy Flowers, mhandisi wa simu wa Idara ya Posta katika kituo cha utafiti cha Dollis Hill, London.

Flowers alitiliwa shaka tangu mwanzo, kwa kuwa mashine yake ilihitaji vali za kielektroniki (vyombo vya kioo kama balbu vinavyodhibiti umeme) zipatazo 1,600, na vali zilijulikana kwa kuungua ovyo. Yeye alikuwa amejifunza kwenye mitambo ya simu kwamba vali ikiachwa iwake mfululizo hudumu. Kinachoiua ni kuwashwa na kuzimwa kila mara. Colossus ya kwanza ilianza kazi Bletchley Park, kituo cha siri cha Uingereza cha kuvunja misimbo, mwezi Februari 1944, ikisoma utepe wa karatasi wenye matundu kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde, na hadi vita vinakwisha zilikuwa zimefika 10.

Husemwa pia kwamba zote zilivunjwavunjwa mara tu baada ya vita. Nyingi, ndiyo, lakini mbili zilibaki mikononi mwa idara ya ujasusi hadi karibu mwaka 1960. Kilichoangamia ni karatasi: Flowers aliamriwa aharibu michoro yake, akaitia kwenye moto wa tanuri na kuitazama ikiteketea. Siri hiyo haikuanza kulegezwa hadi miaka ya 1970, na kwa hiyo vitabu vilivyoandikwa kabla ya hapo viliipa kompyuta ya ENIAC ya Marekani, iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1946, heshima ya kuwa ya kwanza. Sioni haki kuwalaumu waandishi wa vitabu hivyo, kwani waliojua walikuwa wamefungwa midomo kwa kiapo.

Siku hizi mizani imeinamia upande wa pili, na wako wanaoiita Colossus kompyuta kamili kama tunayoijua leo. Haikuwa hivyo, maana haikuhifadhi programu ndani yake; ilipangwa kwa swichi na nyaya za kuchomeka. Mashine ya kielektroniki iliyotangulia kuendesha programu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu yake yenyewe ilikuwa ile ndogo ya Manchester iliyopewa jina la Baby, kazi ya Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill. Tarehe 21 Juni 1948 ilitafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, ukiacha namba hiyo yenyewe, kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine kwenda chini, ikatumia dakika 52, na ikatoa 131,072. Mwanafunzi yeyote angepata jibu hilo kwa kugawa kwa mbili, lakini hilo ndilo lililofaa: jibu lilijulikana, kwa hiyo kilichopimwa ni mashine yenyewe.

Dhana ya mwisho ni kwamba mashine hizi zilikuwa za wanajeshi na wanahisabati peke yao. Maurice Wilkes, ambaye kompyuta yake ya EDSAC ilianza kufanya kazi Cambridge Mei 1949, alipata sehemu ya fedha zake, pauni 3,000, kutoka kwa J. Lyons, kampuni iliyojulikana Uingereza nzima kwa migahawa yake ya chai. Lyons hawakutoa sadaka. Walitaka mashine yao wenyewe, wakaijenga London kwa kufuata muundo wa EDSAC na kuiita LEO, na mwishoni mwa Novemba 1951 ikaanza kazi ya kila wiki ambayo hadi hapo ilikuwa ya makarani: kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka kwenye majiko ya kampuni.