Kutanguliza matukio yajayo kwenye kalenda ya simu: maana yake

Kutanguliza matukio yajayo ni utaratibu wa kuamua jambo lipi lionekane na lipi lifichwe pale siku moja inapokuwa na shughuli nyingi kuliko nafasi iliyopo kwenye kioo.

Ukifungua kalenda ya simu kwa mwonekano wa mwezi, kila siku hupewa kikasha kidogo chenye mistari michache. Yanayozidi hukusanywa chini ya maandishi madogo mfano wa "+3 zaidi". Wengi hudhani programu imeyaacha juu yaliyo muhimu. Haijapima umuhimu wowote. Kwa kawaida matukio ya siku nzima, na yale yanayovuka siku kadhaa, hukaa juu. Yenye saa hufuata, ya asubuhi kwanza. Ni kama viti vya daladala: aliyewahi kakaa, hata kama anashuka kituo kinachofuata.

Chukua tarehe 26 Aprili. Mstari wa kwanza una Sikukuu ya Muungano, iliyoingia yenyewe kutoka kalenda ya sikukuu. Wa pili ni siku ya kuzaliwa ya mtu uliyemhifadhi kwenye simu miaka mingi iliyopita na hamjaongea tena. Wa tatu ni utepe wa wiki nzima unaosema mgeni yupo nyumbani. Kikao cha kamati ya harusi saa 10 jioni, ambacho wewe ndiye mweka hazina wake, kimejificha kwenye "+1 zaidi".

Kikasha cha leo kina tatizo la ziada. Ikifika saa 9 alasiri, mikutano ya asubuhi iliyokwisha bado imekalia mistari yake. Baadhi ya programu huififisha rangi, lakini tukio lililofifia linachukua nafasi ileile. Kutanguliza yajayo maana yake ni yaliyopita yashuke au yaondoke, na linalofuata lipande juu. Mwonekano wa orodha hufanya karibu hivyo: huanzia leo na kwenda mbele. Kwa maoni yangu mwonekano wa mwezi unafaa kutafutia siku iliyo wazi. Kuutegemea ukuambie kinachofuata ni kuuonea.

Lakini kukaribia ni kitu kimoja na uzito ni kingine. Kunyoa nywele kesho kunatangulia usaili wa kazi wa keshokutwa, kwa hesabu ya saa. Cha kushangaza, mahali pa kuandika uzito pamekwishatengwa. Kanuni ya iCalendar, inayoziwezesha kalenda tofauti kupeana matukio (toleo la 2009, kwenye waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 5545), ina sehemu ya kipaumbele: 1 ni cha juu kabisa, 9 cha chini, na 0 maana yake hakikutajwa. Ila programu nyingi hazimpi mtumiaji pa kuijaza, kwa hiyo uzito unabaki kichwani mwako.

Ndiyo maana mtu hulazimika kuitumia kanuni ya mpangilio kwa faida yake. Zima kalenda ya siku za kuzaliwa kama huisomi. Utepe wa mgeni ugeuze uwe tukio la siku anayowasili tu. Kisha jambo zito lisilo na saa maalumu, kama siku ya mwisho ya kulipa ada, liandike kama tukio la siku nzima, nalo litapanda juu. Ukiyafanya hivyo mambo kumi kwa wiki, umerudi ulikotoka.

Sikukuu za Kiislamu zichukulie kwa tahadhari. Kalenda huziweka mapema kwa makadirio, ilhali Idd el-Fitr husubiri mwezi uandame, na huweza kusogea siku moja. Kikao kinachopangwa siku inayofuata tarehe hiyo kiwekee alama ya kutothibitishwa, kama programu yako inayo. Kama haina, andika "huenda" mwanzoni mwa jina lake, maana kwenye kikasha kidogo herufi za mwisho ndizo hukatwa.