Je, wajua kwa nini NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira nchini Kenya, ilibebeshwa lawama kuliko kiwanda kilichotoa sumu?

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, kitongoji cha Mikindani, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kiwanda jirani kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kilikuwa kimewatilia sumu ya madini ya risasi. Hata hivyo, lawama zilipogawanywa, kiwanda kilibeba asilimia 25, na NEMA asilimia 40. Iweje mlinzi alipe kuliko mharibifu?

Kiwanda hicho kilianza kazi 2007 chini ya mpango wa EPZ, unaowapa wawekezaji nafuu ya kodi ili wauze bidhaa nje na kuajiri watu. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi kama huo ufanyiwe tathmini ya athari kwanza. Hapa tanuri liliwashwa kabla. Wakazi walilalamika, Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mwanawe mchanga akapatikana na risasi mwilini, akaongoza maandamano, lakini moshi haukukoma kabisa hadi 2014.

Miaka hiyo yote ina uzito, kwa sababu risasi haitoki mwilini upesi. Hujificha mifupani kwa miongo, na kwa mtoto hudhuru ubongo ungali unakua. Hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kila mwezi wa kuchelewa kufunga kiwanda uliingia damuni mwa watoto, na hilo ndilo kosa la msimamizi, yaani NEMA: alikuwa na uwezo wa kisheria wa kulizuia. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Husemwa kwamba ukali wa sheria hufukuza ajira. Hesabu ya Owino Uhuru inasema vingine. Ukijumlisha NEMA, wizara mbili na mamlaka ya EPZ, taasisi za umma zilibebeshwa asilimia 70, yaani shilingi milioni 910, fedha za walipa kodi. Faida ya betri zile walishaichukua wengine.

Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024, miaka kumi baada ya tanuri kuzimwa.