Betri ya tochi kusoma volti 4.2 si ushahidi wa uwezo wake

"Fundi, betri ni nzima, nimeipima mwenyewe, inasoma 4.2." Maneno haya nayasikia kila mara, na anayeyasema huwa ameshika 18650, ile betri ya lithiamu ya duara inayochajiwa, iliyotoka kwenye chaja muda si mrefu. Tochi yake inazimika kabla hata hajamaliza shughuli aliyowashia, na tayari ameshaihukumu tochi. Wapo walionunua tochi ya pili, wakaitia betri ileile, wakarudi na malalamiko yaleyale.

Dhana: volti zikiwa kamili, na uwezo ni kamili

Sivyo. Volti inaonyesha betri imejaa kwa kiwango gani. Inabeba kiasi gani ni jambo jingine kabisa. Kikombe na pipa vyote hujaa hadi ukingoni. Betri mpya ya mAh 3500 (miliampia kwa saa, kipimo cha uwezo) ikijaa inasoma 4.2, na iliyochoka ikabakiwa na mAh 600 nayo ikijaa inasoma 4.2, kwa sababu chaja inazipandisha zote mbili hadi hapo kisha inaacha. Sehemu ya seli iliyokwisha kufa haishiriki tena kazi, na mita haiwezi kuiona.

Ukitaka mita ikusaidie angalau kidogo, pima betri ikiwa kazini. Tuseme betri iliyochoka inasoma 4.18 ikiwa imepumzika. Ipe mzigo wa ampia 2. Kama ukinzani wake wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia mkondo, ni omu 0.3, volti 0.6 zinapotelea humohumo ndani, na mita inaanguka papo hapo hadi 3.58. Betri nzuri yenye omu 0.04 inapoteza 0.08 tu na kubaki 4.10. Ndiyo maana tochi inawaka bila shida kwenye mwanga mdogo, lakini ukiiweka kwenye mwanga mkali inafifia au inazima. Hata hivyo hapo umepima ukinzani. Uwezo bado hujaujua.

Uwezo unajulikana kwa njia moja: jaza betri, itoe chaji yote kwa mkondo unaoujua, hesabu muda. Kuchaji kusikatishwe njiani kwa sababu tu mita imefika 4.2, subiri mkondo wa chaja ushuke hadi miliampia 50 hivi kwa 18650. Iache ipumzike saa moja. Kisha itoe chaji kwa moja ya tano ya uwezo ulioandikwa, yaani betri ya mAh 3000 kwa miliampia 600, hadi volti zifike 2.5 au kikomo alichoweka mtengenezaji. Ikichukua saa nne na nusu, una mAh 2700.

Chaja zenye kioo na sehemu ya kupima uwezo zinafanya haya yote zenyewe. Kama huna, rezista ya omu 5 yenye wati 10, saa na mita vinatosha. Andika volti kila baada ya dakika 15, mita ikigusa ncha za betri zenyewe. Wastani ukitoka 3.6, mkondo wako wa wastani ulikuwa ampia 0.72, betri ikidumu saa tatu, hiyo ni mAh 2160 hivi. Rezista itapata moto kweli, kwa hiyo ilaze juu ya kigae. Na usiondoke, maana hakuna kitu kitakachokata umeme kwa niaba yako. Kwa njia hii ya mkono, mimi nasimama volti 3.0, si chini ya hapo.

Kisha andika matokeo na tarehe kwenye kipande cha tepu, ubandike kwenye betri. Nawasihi watu wafanye hivi na wengi hawafanyi, halafu mwaka unaofuata hawajui kama betri imeshuka au ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Dhana: imeandikwa mAh 9900, kwa hiyo ndivyo ilivyo

Hakuna 18650 ya mAh 9900. Silinda hiyo ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na hata seli bora kabisa za ukubwa huo zinaishia karibu mAh 4000. Ya 21700, ambayo ni kubwa kidogo, kwa kawaida ni 5000 hivi. Ile fupi ya 16340 iko kwenye 700 au 800. Ukiona namba kubwa mara mbili ya hizi, usipoteze muda kuipima. Mizani ya jikoni inakutosha: 18650 halisi yenye uwezo mkubwa ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na ile ya uongo mara nyingi haifiki 35. Ila uzito mzuri peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu zipo zilizojazwa unga ndani pembeni ya kijiseli kidogo.

Dhana: weka mita kwenye ampia 10, gusa ncha mbili, utaona nguvu yake

Tafadhali usifanye hivi. Mita ikiwa kwenye ampia ni sawa na waya mtupu, kwa hiyo unachofanya ni shoti. Watu wamezoea kuzifanyia hivyo betri kavu ndogo, ambazo zenyewe haziwezi kutoa mkondo mkubwa. Lithiamu inaweza kutoa makumi ya ampia kwa mara moja: fyuzi ya mita inaungua, nyaya zinayeyuka, na betri yenyewe inaweza kuwaka moto mkononi mwako.

Dhana: nimepata 3200 kwenye betri ya 3500, nimeuziwa feki

Huenda hapana. Mtengenezaji amepima kwa mkondo mdogo hadi 2.5. Chaja yako pengine imetumia ampia 1 na kusimama 2.8 au 3.0, na kama chumba kilikuwa cha baridi, matokeo yameshuka zaidi. Linganisha betri na betri nyingine kwenye chaja ileile, au na yenyewe ya mwaka jana. Yangu ikishuka chini ya asilimia 80 ya ilivyokuwa mpya, naitoa kwenye tochi ya kazi.

Dhana: mAh zilizoingia wakati wa kuchaji ndizo uwezo wake

Zinakaribia tu kama betri ilikuwa imeisha kabisa na mita imehesabu kwenye betri yenyewe. Kipimo cha kuchomeka kwenye waya wa USB kinahesabu mkondo wa volti 5, na betri ni ya volti 3.7. Usichanganye.

Dhana: ni lazima uimalize kabisa mara kwa mara ili isisahau uwezo wake

Hiyo ilikuwa habari ya betri za nikeli na kadimiamu. Lithiamu haina tabia hiyo, na kuimaliza kabisa kunaichosha. Kupima mara moja au mbili kwa mwaka kunatosha. Iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2.0 usiifufue, kwa sababu shaba ya ndani inaweza kuyeyukia kwenye kimiminika cha seli na baadaye inaweza kuleta shoti ndani ya seli wakati wa kuchaji. Na ukishamaliza kupima, usiiache tupu kabatini: ichaji hadi 3.7 au 3.8 kama hutaitumia karibuni.