Si kila gari linalotetemeka linamisi

"Gari inamisi." Injini ikitikisika kwenye foleni, inamisi. Resi, yaani kasi ya mizunguko ya injini, zikipanda na kushuka zenyewe, inamisi. Ikizima ukiwasha kiyoyozi, nayo inamisi. Kisha zinanunuliwa plagi nne mpya, gari linaendelea kutetemeka vilevile, na zile zilizotupwa zilikuwa nzima.

Kumisi maana yake ni moja: zamu ya silinda, chumba ambamo petroli huwaka, imefika, na mchanganyiko wa hewa na petroli haukuwaka, au uliwaka nusunusu. Basi.

Neno limetoka kwenye "misfire" ya Kiingereza, na kabla ya magari lilikuwa neno la bunduki: umevuta kifyatulio, baruti imekataa kuwaka, risasi imebaki ndani. Injini za petroli zikalirithi kwa sababu picha ni ileile, silinda ikiwa mtutu na plagi ikiwa kiwashio. Gereji zetu zikabaki na kipande cha mbele tu, "misi", na hapo kikagongana na misi nyingine, ile ya "nimekumisi". Ndiyo maana utasikia "inamisi mafuta" au "inamisi nguvu", kana kwamba kumisi ni kupungukiwa. Mara nyingi silinda inayomisi petroli inayo tele. Ifungue plagi yake uone: ncha imelowa na inanuka petroli mbichi, wakati wenzake watatu ni wakavu, wana rangi ya kahawia hafifu. Kilichokosekana hapo ni moto. Ukiikuta kavu na safi kuliko wenzake, ndipo uitilie shaka nozeli, ile inayonyunyizia petroli.

Kinachochanganywa zaidi na kumisi ni matatizo ya sailensi, yaani ule mngurumo wa injini yenyewe bila mguu kwenye mafuta. Chukua 5A-FE, injini ya Corolla nyingi za miaka ya 1990. Ikishapata moto hukaa karibu na mizunguko 750 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo huwaka mara 375 kwa dakika, sita na ushei kwa sekunde. Silinda moja ikifa, mtikisiko unakuja kwa mpigo huohuo usiobadilika. Sogeza kiganja nyuma ya ekzosi, mbali kidogo: pu-pu-pu, pengo, pu-pu-pu, pengo. Huko ndiko kumisi.

Sailensi inayoyumba haina pengo hilo. Silinda zote nne zinawaka, ila resi zinapanda, zinaanguka, zinapanda tena, kama mtu anayehema. Hapo kuna hewa inayoingia kwa wizi: mpira wa vakyumu (bomba dogo la mpira linalounganishwa na manifoldi) umepasuka, gasketi ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, imechoka, au valvu ya sailensi kwenye throto, mlango wa hewa ya injini, imeganda kwa masizi ikiwa wazi. 5A-FE hupima mgandamizo ndani ya manifoldi, haipimi hewa inayopita mlangoni. Hewa ya wizi nayo inahesabiwa, inapewa petroli yake, resi zinapanda. Kompyuta inaona mguu haupo kwenye mafuta na resi ziko juu, inakata petroli, zinaanguka, inairudisha. Mchezo unaanza upya. Kwenye injini zenye kipima hewa baada ya eya klina, tundu hilohilo huleta jambo jingine: hewa ya wizi haihesabiwi, mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, na silinda zinaweza kumisi kwelikweli. Tatizo ni moja, lakini dalili zake ni mbili tofauti, na fundi anayesikia "inamisi" tu hana njia ya kujua unasema lipi.

Ipo pia mauntingi iliyokufa, yaani kile kishikizo chenye mpira kinachobeba injini. Kwenye gari la otomatiki, usukani unatetemeka ukiwa kwenye D umekanyaga breki, ukiweka N unatulia, na wakati wote huo resi ziko sawa. Injini yenyewe inaweza kuwa haina kosa lolote.

Kabla neno halijatoka mdomoni, fanya jaribio hili. Injini ikiwa ya moto na inanguruma, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, nenda ya pili. Silinda isiyo na kosa ukiizima, resi zinaanguka na mtikisiko unazidi. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo yenye kosa. Wengi huchomoa waya wa plagi badala ya soketi, lakini waya huo una umeme wa maelfu ya volti, na petroli isiyowaka inakwenda kuwakia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuyaharibu. Ukishaipata, badilishana plagi yake na ya jirani, kisha waya. Kosa likihama, umelishika. Waya wenye ukinzani wa zaidi ya kiloomu 25 hauna kazi tena, na plagi za kawaida za injini hii huachiwa nafasi ya milimita 0.8 kwenye ncha. Tazama pia ndani ya shimo la plagi: sili za mirija chini ya kava ya valvu hukauka, oili inajaa shimoni, na umeme unavuja kabla ya kufika kwenye ncha. Hapo plagi mpya italowa kama ya zamani. Kosa lisipohama na shimo likiwa kavu, pima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kugandamiza hewa.

Zote nne zikijibu sawasawa, acha plagi. Bana mipira ya vakyumu kwa koleo, mmoja mmoja, uone ni upi unaotuliza resi. Usipopatikana, zima injini, fungua valvu ya sailensi, ioshe masizi.

Kwa hiyo ukifika gereji, mweleze fundi unachokiona: "resi zinapanda na kushuka ikishapata moto", au "inatikisika kwenye D tu". "Inamisi" isubiri mpaka nozeli moja ichomolewe na injini isishtuke.