Tembo wa noti ya kip 5 ya Laos si wa mfalme

Dhana: Tembo walioko nyuma ya noti ya kip 5 (kip ni fedha ya Laos) ya mwaka 1979 ni kumbukumbu ya Lan Xang, ufalme wa kale wa Laos ulioitwa wa tembo milioni.

Ukweli: Hesabu vichwa. Tembo hawa wana kichwa kimoja kimoja, na wako kazini wakivuta magogo. Yule wa kifalme alikuwa mweupe mwenye vichwa vitatu, amesimama juu ya jukwaa la ngazi, chini ya mwavuli mweupe wa matabaka tisa. Alikaa kwenye bendera nyekundu ya Ufalme wa Laos hadi Desemba 1975, ufalme ulipofutwa. Serikali iliyoufuta isingemrudisha mifukoni mwa watu miaka minne baadaye. Geuza noti uone mbele: wanunuzi dukani. Noti nyingine za toleo hilo zimeshika mkondo huohuo. Kip 1 ina wanamgambo na darasa, kip 10 kiwanda cha mbao na huduma za afya, kip 50 upandaji mpunga na bwawa la umeme. Ni picha za uzalishaji na ulinzi, basi.

Dhana: Nyundo na mundu kwenye nembo ya noti hii maana yake noti ni ya Kisovieti.

Ukweli: Hiyo ni sehemu ya nembo ya Laos yenyewe, iliyotumika hadi katiba ya Agosti 1991 ilipoweka Pha That Luang, stupa (mnara mtakatifu wa Kibudha) ya Vientiane, mahali pake. Wengi huzichanganya nembo hizi mbili, ya zamani na ya sasa, kwa sababu masuke ya mpunga, gurudumu la meno, barabara na bwawa vipo kwenye zote. Chukua lenzi, tazama sehemu ya juu tu: ya zamani ina nyundo na mundu, ya sasa ina stupa. Kisha inua noti kwenye mwanga: alama ya maji ya kip 5 ni nyota pamoja na nyundo na mundu.

Dhana: Wanawake watatu wa kip 1000 ya 1992 ni mapambo.

Ukweli: Wanawakilisha Walao wa mabondeni, wa miteremkoni na wa milimani, mgawanyo uliozoeleka wakati huo.

Dhana: Ni ya zamani, kwa hiyo ni ghali.

Ukweli: Kip 5 safi zimejaa kwenye soko la wakusanyaji noti, bei yake ndogo. Usiioshe wala kuipiga pasi ili ionekane mpya. Karatasi hulegea, chapa hulala, na mnunuzi mzoefu hugundua kwa kuipapasa.