Baada ya Kopo la Mwisho: Kurudi kwenye Chungu bila Kurudisha Kilo

Mama mmoja wa makamo aliingia ofisini kwangu akatoa kopo tupu la unga wa sheki kwenye mkoba, akaliweka mezani na kuuliza, "Daktari, hili ndilo la mwisho, sasa nile nini?" Alikuwa amepungua kilo 14 kwa miezi minne, kutoka 96 hadi 82, kwa kunywa sheki asubuhi, mchana na jioni na kuacha kabisa chakula cha kawaida. (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe, lakini hapa Dar es Salaam kila mwenye koti jeupe huitwa hivyo na nimeshaacha kusahihisha.) Swali lake lilikuwa zuri, ila lilikuwa limechelewa miezi minne. Kwa maoni yangu, mtu anapaswa kujua atakula nini kopo litakapokwisha kabla hajafungua la kwanza, na asipojua, ni afadhali asilinunue.

Sheki hizi hufanya kazi kwa sababu humwondolea mtu maamuzi. Kipimo kiko ndani ya kopo, maji yanajulikana, na hakuna kuonja mchuzi jikoni, kumalizia kiporo cha watoto wala kuongezewa na mwenyeji. Kwa miezi kadhaa mtu hapiki kwa ajili yake, hapakui na hachagui. Ndiyo maana hupungua haraka, na ndiyo maana anapomaliza hana ujuzi wowote mpya wa kula, kwa kuwa anarudi kwenye sufuria ileile, sahani ileile na mkono uleule unaopakua.

Ushahidi bora tulio nao kuhusu njia hii unatoka Uingereza. Utafiti uitwao DiRECT, ulioongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow, ulihusisha watu 306 wenye kisukari aina ya 2, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa Desemba 2017. Nusu ya washiriki waliishi kwa supu na sheki zenye jumla ya kilokalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Kisha walirudishwa kwenye chakula hatua kwa hatua kwa muda wa wiki mbili hadi nane, na baada ya hapo wakaendelea kuonana na wahudumu wao mara kwa mara. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamepungua wastani wa kilo 10, na 46% kati yao sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Baada ya miaka miwili wastani ulikuwa kilo 7.6, na waliobaki katika hali hiyo walikuwa 36%. Wauzaji wa makopo hupenda kutaja takwimu ya mwaka wa kwanza. Mimi huwasomesha wateja wangu zile wiki mbili hadi nane za katikati, kwa kuwa anayenunua unga kwa jirani kupitia simu hapewi kipindi hicho hata kidogo. Hupewa kopo, kijiko na maneno ya kumtia moyo.

Kabla ya jambo lingine lolote, mtu ajue kwamba kilo moja au mbili zitarudi ndani ya siku chache tu za kuanza kula. Mwili huhifadhi wanga katika ini na misuli kwa jina la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hushikana na kama gramu tatu za maji. Wakati wa sheki ghala hilo hupungua na maji yake hutoka. Mtu akirudia ugali na wali, hujaa tena na maji yanarudi. Hayo si mafuta. Nimeona watu wakikata tamaa kwa ajili ya maji, wakasema "imeshindikana", kisha wakaanza kula ovyo na kuyapata mafuta yenyewe.

Njaa ni habari nyingine, na hapa sipendi kumlaumu mgonjwa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliokula mlo wa kalori chache sana kwa wiki 10 na kupungua wastani wa kilo 13.5. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado hazijarudi mahali pake: ghrelini, inayoamsha njaa, ilikuwa juu kuliko mwanzo, na leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, ilikuwa chini. Wateja wengi huniambia kwamba mwili wao "umezoea" na hauchomi tena chakula. Ni kweli kwamba mwili mdogo hutumia nishati kidogo, lakini kwa makadirio ya mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Marekani, kila kilo inayopungua hushusha matumizi ya mwili kwa kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, wakati hamu ya kula hupanda kwa takribani kilokalori 100. Msukumo mkubwa, kwa hiyo, unatoka upande wa njaa, na njaa ya namna hiyo haishindwi kwa kujikaza. Inahitaji chakula kinachojaza tumbo kwa kalori chache, na inahitaji kiasi kinachojulikana.

Nilimwomba yule mama aje wiki iliyofuata na sahani yake ya nyumbani na ugali kwenye hotpoti. Alipakua mbele yangu kama anavyopakua kwake, akaulainisha kwa mgongo wa mwiko, nikauweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 590. Ugali mgumu kama ule, karibu theluthi moja ya uzito wake ni unga, yaani kama gramu 200, na hizo ni zaidi ya kilokalori 700. Hapo bado hatujagusa mchuzi. Mama alitazama sahani, akatazama lile kopo ambalo lilikuwa bado juu ya meza yangu, akasema, "Na huu sijaongeza, ni wa kawaida." Ugali mmoja wa jioni ulikuwa umekaribia sheki zake za siku nzima.

Swali langu la pili huwa la mafuta, na silielekezi kwenye kijiko kwa sababu hakuna anayekumbuka vijiko. Nauliza: lita moja inaisha kwa siku ngapi, na mko wangapi? Lita moja ya mafuta ya kupikia ina zaidi ya kilokalori 8,000. Watu wanne wakiimaliza kwa siku tano, kila mmoja anakula kama kilokalori 400 za mafuta kwa siku bila kuyaona, kwa kuwa yamo ndani ya mchicha, maharage na chapati. Kuifanya lita hiyo ifike siku nane au tisa ni kazi rahisi kuliko kuacha ugali, na familia nzima hufaidika.

Chakula chenyewe nakirudisha mlo mmoja kwa wakati. Kwa wiki mbili za kwanza ni mlo wa mchana tu, sheki zikibaki asubuhi na jioni: nusu ya sahani mboga za majani, ugali au wali wa ukubwa wa ngumi ya mlaji mwenyewe, na dagaa, samaki, maharage au choroko za kutosha, maana sehemu ya kilo zilizopotea ilikuwa misuli na misuli inahitaji protini. Anayekula kwa mama ntilie anaweza kusema tu, "Nipunguzie wali, niongezee mboga," na hakuna atakayemshangaa. Wiki mbili zinazofuata ni zamu ya kifungua kinywa, ambapo vita kubwa ni sukari ya chai na maandazi. Mlo wa jioni nauacha mwisho kwa makusudi. Huo ndio unaoliwa mtu akiwa amechoka, mbele ya sufuria na pamoja na watu, na anayeurudisha kwanza hupoteza udhibiti kabla hajapata mazoea.

Watu wenyewe ni mtihani. Kwetu mtu akikonda haraka huulizwa kama anaumwa, na wengine hawaulizi, wananong'ona. Yule mama aliambiwa na shemeji yake kwenye arusi kwamba "amekwisha", akawekewa sahani ya pilau ya watu wawili kwa huruma. Nilimshauri aseme ukweli mfupi, kwamba alipungua kwa ajili ya presha na magoti, na ale pilau ya arusi bila woga, kwa sababu sahani moja ya arusi haijawahi kumnenepesha mtu. Kinachonenepesha ni kiporo chake cha siku tatu.

Kuhusu mazoezi nitasema kidogo. Kutembea kwa haraka dakika 200 hadi 300 kwa wiki husaidia sana kushikilia uzito, kuliko kunavyosaidia kuupunguza.

Mizani ndiyo mlinzi. Napendekeza kujipima angalau mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai, na kuandika. Baada ya yale maji kurudi tunaweka uzito wa msingi, na juu yake mstari wa kilo 2. Ukivuka mstari, unachukua hatua wiki hiyohiyo: sheki moja au mbili mahali pa mlo kwa wiki nne, kama walivyofanya DiRECT kwa washiriki wao waliopanda. Ndiyo maana nawaambia wasigawe pakiti zilizobaki. Lakini mwenye kisukari anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, na anayemeza dawa za presha, asirudie sheki bila kumwona daktari kwanza, kwa kuwa kipimo cha dawa kilichofaa wakati wa ugali kinaweza kumwangusha sukari au presha akiwa kwenye sheki.

Yule mama sasa ana miezi 14 tangu alete kopo. Mara ya mwisho alikuwa na kilo 85, tatu juu ya siku ile, na mojawapo ni ya maji. Alikuja na kalenda ya ukutani aliyoibandua jikoni, namba zikiwa zimeandikwa kwa kalamu nyekundu kila Ijumaa, na wiki mbili baada ya Idi alikuwa amezungushia duara na kuandika pembeni: "sheki jioni."