Moteti si kila wimbo wa sauti nne

Kwaya ikiacha kinanda na kuimba sauti nne kwa utulivu, siku hizi mshereheshaji hutangaza kwamba tumesikia "moteti". Mara nyingi kilichoimbwa ni wimbo wa beti tatu na kiitikio. Mzuri sana, lakini si moteti.

Moteti ya enzi ya Renaissance (kipindi cha mwamko wa sanaa Ulaya), hasa karne ya 16, ni utungo wa kwaya wenye maneno matakatifu, kwa kawaida ya Kilatini, yaliyo nje ya sehemu za kudumu za Misa kama Kyrie na Gloria. Zaburi, antifona (vifungu vifupi vinavyoimbwa pamoja na zaburi), sala kwa Bikira Maria: humo ndimo watunzi walimochota.

Kinachochanganya watu ni hizo sauti nne. Katika nyimbo zetu nyingi za ibada, soprano ndio wanaobeba tuni. Alto, teno na besi wanawategemeza, wote wakitamka silabi moja kwa pamoja. Ubeti wa pili ukifika, maneno hubadilika, tuni ni ileile. Moteti haina beti. Mtunzi huyakata maandiko vipande, na kila kipande hukitungia tuni yake. Sauti moja huanza, nyingine huidaka.

Sikiliza "Sicut cervus" ya Palestrina, Mwitaliano aliyefariki Roma mwaka 1594. Maneno ni ya Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji." Teno wanaanza peke yao, kwa noti ndefu zinazopanda taratibu. Hawajamaliza, alto wameingia na tuni hiyohiyo, kisha soprano, mwisho besi. Maneno ya maji yanapofika, tuni ni mpya, na silabi moja inavutwa juu ya noti nyingi. Huku wengine wanamalizia kipande cha kwanza, wenzao wameshaanza cha pili, kwa hiyo huoni mshono. Wanyamazishe soprano: teno bado wana wimbo wao kamili, na besi vilevile. Jaribu hivyo kwenye wimbo wa beti uone kinachobaki.

Si lazima sauti zifukuzane muda wote. "Ave verum corpus" ya Mwingereza William Byrd, iliyochapishwa 1605, inaanza na sauti zote nne zikitembea pamoja, kwa sababu mtunzi alitaka maneno hayo yasikike hivyo. Wala ukimya wa kinanda si kipimo. Waimbaji wa Papa katika Kikanisa cha Sistine huko Vatican waliimba bila ala, lakini katika makanisa makubwa ya Hispania wapiga tromboni na zumari walishirikiana na waimbaji kwenye moteti hizohizo.

Basi mshereheshaji akiwa na wimbo wa beti mkononi, aseme tu "wimbo wa sauti nne bila kinanda". Ni jina sahihi, na kwaya haipungukiwi na heshima yoyote.